Barabara ya Boyd

Beach Boulevard haina mengi ya kumvuta mtalii. Inaanzia Huntington Beach, mbele ya Bahari ya Pasifiki, pale vijana wanapoteleza na mbao zao juu ya mawimbi. Inapanda kaskazini kupita Westminster yenye mikahawa ya Wavietinamu, inakata Stanton na Buena Park, kisha inaishia La Habra chini ya vilima vikavu. Ni kilomita 30 na ushei za vituo vya mafuta, moteli za zamani, maduka ya matairi na taa za barabarani zisizokwisha. Wageni wengi wanaofika kusini mwa California huikatiza tu wakiwa njiani kwenda Disneyland au ufukweni. Mimi niliifuata yote, nikikunja kulia na kushoto kila ilipobidi, kwa sababu maisha ya kazi ya Boyd Coddington yametapakaa kandokando yake.

Coddington alikuwa fundi wa hotirodi. Kwa msomaji ambaye hajaiona, hotirodi ni gari la Kimarekani la zamani, mara nyingi Ford ya miaka ya 1930, ambalo fundi amelivua kila kisicho na kazi, akalishusha karibu na lami, akalitia injini yenye nguvu kupita ile liliyozaliwa nayo, kisha akalimalizia kwa rangi na uangalifu ambao hakuna kiwanda kinachoweza kuugharamia. Marekani ina mafundi wengi wa kazi hiyo. Coddington ndiye aliyeigeuza kuwa biashara yenye jina, akapanda nayo hadi soko la hisa, akaanguka nayo, akasimama tena mbele ya kamera za televisheni. Nilimwona mara ya kwanza katika kipindi chake cha televisheni, nikiwa nyumbani Dar es Salaam: mtu mnene aliyevaa shati la rangi kali, ameinama, anachungulia mstari wa mlango wa gari kwa jicho moja. Jicho hilo ndilo lililonileta huku.

Mwenyeji wangu alikuwa shemeji, mdogo wake mke wangu, muuguzi anayeishi Riverside. Alikuwa na mapumziko na gari, akakubali kunizungusha.

"Shem, watu wanatoka Dar kuja kuona Hollywood," aliniambia tulipoingia barabara kuu asubuhi. "Wewe gereji?"

"Hollywood ipo, haiendi kokote," nikamjibu. "Mafundi wazee ndio wanaoondoka."

Akanyamaza kidogo. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mashine za kiwanda cha nguo, na nadhani hapo ndipo aliponielewa. Tangu saa hiyo hakuuliza tena kwa nini tunasimama.

Siku iliyotangulia nilikuwa nimekwenda Petersen, jumba la makumbusho ya magari lililopo Wilshire Boulevard mjini Los Angeles, ambalo kuta zake za nje zimezungushiwa mikanda mikubwa ya chuma cha pua. Jina ni la Robert Petersen, kijana aliyeanzisha jarida la Hot Rod pamoja na Robert Lindsay mwezi Januari 1948. Nilikuwa na swali moja tu: kwa nini hapa? Kwa nini ufundi huu haukuzaliwa Detroit, kwenye viwanda vyenyewe vya magari?

Jibu linaanza na Ford ya mwaka 1932. Mwaka huo Henry Ford alitoa gari la bei ya mtu wa kawaida lenye injini ya silinda nane, lita 3.6, nguvu za farasi 65. Halikuwa gari la matajiri. Miaka michache baadaye yalikuwa yamejaa kwenye yadi za magari mabovu, na kijana wa Los Angeles mwenye kibarua cha kuosha vyombo aliweza kulinunua. Jua la California na barabara zisizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu viliacha bodi zake zikiwa nzima, wakati ndugu zao wa mashariki walikuwa wakiliwa na kutu. Na ng'ambo ya milima, katika jangwa la Mojave, kulikuwa na maziwa yaliyokauka, Muroc na El Mirage, sakafu tupu ya udongo mgumu isiyo na jiwe wala kona, ambako mtu angeweza kukanyaga mafuta mpaka mwisho bila kumdhuru mpita njia. Mwaka 1937 vilabu vya vijana hao viliungana kuunda chama cha kupima mwendo, SCTA, ambacho bado kipo.

Kisha vita vikaja. Jeshi likaichukua Muroc, ambayo leo ni kambi ya anga ya Edwards. Viwanda vya ndege vya Lockheed kule Burbank, Douglas kule Long Beach na North American kule Inglewood vikafundisha maelfu ya watu kukereza chuma, kuchomelea aluminiamu na kusoma michoro. Vita vilipokwisha, ujuzi ule ulibaki mikononi mwa watu na mabaki ya ndege yakauzwa kwa bei ya chini. Alex Xydias alitoka jeshini mwaka 1946, akafungua duka lake la So-Cal Speed Shop pale Burbank. Yeye na wenzake walichukua tangi la ziada la mafuta lililokuwa likining'inia chini ya ndege ya kivita ya P-38, wakaliweka injini na magurudumu, na mwaka 1952 likakimbia karibu kilomita 320 kwa saa juu ya chumvi ya Bonneville, Utah. Nilisimama muda mrefu nikilifikiria tangi hilo. Kitu kilichotengenezwa ili kitupwe angani kikiisha kazi, kiliokotwa na mtu aliyekuwa na macho.

Coddington alikuta mambo hayo yameshatendeka. Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1944 katika mji mdogo wa Rupert, jimbo la Idaho, nchi ya mashamba. Inasimuliwa kwamba akiwa na miaka 13 alibadilisha bunduki yake ya kuwindia kwa pikapu ya Chevrolet ya mwaka 1931, na hilo likawa gari lake la kwanza. Akasomea ukerezaji wa vyuma, akatumikia uanafunzi wake mpaka akahitimu, na mwaka 1968 akahamia California. Naomba msomaji aishike habari hiyo ya ukerezaji, kwa sababu yote yanayofuata yanatoka humo. Mafundi wengi wa hotirodi walitokea upande wa bodi: nyundo, gesi na rangi. Coddington alitokea kwenye mashine, mahali ambapo kipande kikizidi kwa unene wa unywele kinatupwa.

Tulipita Anaheim kwa Katella Avenue. Upande mmoja ukuta na miti ya Disneyland, upande mwingine hoteli, familia zinavuka barabara zimevaa masikio ya panya. Coddington aliajiriwa humo kama fundi mashine wa matengenezo. Mchana alihudumia mitambo inayobeba watoto wa watu, kazi isiyo na nafasi ya "itakaa tu". Usiku alirudi kwenye gereji ya nyumbani kwake, Cypress, dakika chache kutoka hapo, akajenga magari. Shemeji alipunguza mwendo ili nitazame. Hakukuwa na cha kuona zaidi ya ukuta, lakini nilitaka kupima umbali kati ya ajira na ndoto ya mtu yule. Ni mfupi mno. Anaendesha kutoka kazini, anakula, anawasha taa ya gereji. Alifanya hivyo miaka na miaka kabla jina lake halijaandikwa popote.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliacha ajira, akafungua Hot Rods by Boyd. Mji unaotajwa pamoja na jina lake ni Stanton, na Stanton ndipo nilipotaka kusimama. Mitaa ya nyuma ya Beach Boulevard imepangwa mabanda ya chini yenye milango mipana ya kukunja: wapiga rangi, wachomeleaji, wauza mbao, mafundi wa boti. Unasikia mashine ya kusaga chuma kwa mbali, halafu kompresa, halafu redio ya Kimeksiko. Ukitoa lugha na usafi wa sakafu, ni Gerezani yetu ya Dar kabisa, pale ambapo mtu anakata bati upande huu na mwenzake anapiga rangi upande ule, na mteja amesimama katikati akiuliza lini. Nilitembea pale karibu saa nzima. Hakuna kibao kinachomkumbuka. Fundi mmoja wa makamo aliyekuwa akila chakula cha mchana kwenye ngazi za banda lake aliniona nikizungukazunguka, akauliza natafuta nini. Nilipotaja Boyd, aliacha kutafuna.

"Jioni tulikuwa tunapita tu kuangalia kilichoegeshwa nje," alisema. "Ukirudi kwako, unaangalia kazi yako mwenyewe, unaibomoa."

Kilichokuwa kimeegeshwa nje kilianza na gari la mteja mmoja, Vern Luce: Ford ya milango miwili ya mwaka 1933. Mwaka 1981 lilipelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Oakland na kutunukiwa tuzo ya Al Slonaker. Mwaka uliofuata, gari la wazi la mwaka 1933 alilomjengea Jamie Musselman lilichukua tuzo ya juu kabisa ya maonyesho hayo, ile ya gari la wazi zuri kuliko yote Marekani, ambayo ilianza kutolewa mwaka 1950. Magari ya Coddington yalirudi kuichukua mara nyingi baadaye.

Nimeitazama picha ya gari la Luce mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza, na bado naliona kuwa kazi yake bora. Jambo la kwanza unalogundua ni kwamba vitu havipo. Vitasa vya milango havipo. Bawaba hazionekani. Vifuniko vya injini vya pembeni, ambavyo kiwandani vilikuwa na matundu ya hewa, vimekuwa ukuta laini. Rangi ni moja, hakuna miali ya moto iliyochorwa ubavuni kama ilivyokuwa desturi, hakuna kromu iliyomwagwa kila mahali. Mtu asiye na uzoefu anaweza kufikiri kwamba kuondoa ni rahisi kuliko kuongeza. Jaribu kukiondoa kitasa: sasa mlango unahitaji kufunguka kwa umeme, waya zinahitaji njia, na bati lililokuwa limefichwa na kitasa linahitaji kunyooshwa mpaka mwanga upite juu yake bila kutetemeka. Kila pambo lililoondoka lilikuwa limeficha kosa la mtu fulani wa kiwandani. Fundi anayeliondoa anakubali kulisahihisha kosa hilo yeye mwenyewe.

Au chukua kazi ya kupunguza kimo cha paa. Nguzo za madirisha zinakatwa, tuseme sentimita saba, kisha paa linashushwa. Lakini nguzo za mbele zimelala, hazikusimama wima, kwa hiyo ukishusha paa vipande havikutani tena: cha juu kimebaki nyuma ya cha chini. Hapo fundi ana njia mbili. Ama alaze nguzo zaidi, ama akate paa vipande na kulirefusha. Vioo vyote vinakatwa upya, mpira wa kuzibia unapimwa upya, milango nayo inafuata. Kazi ikiwa nzuri, mtazamaji hajui kwamba kuna kilichotokea. Anahisi tu kwamba gari limekaa vizuri kuliko yale mengine.

Kilichomtofautisha Coddington zaidi ni vipande vya chini, ambavyo wengine walivinunua dukani. Yeye na John Buttera, fundi aliyetoka Kenosha, Wisconsin, na ambaye kwa maoni ya wengi ndiye aliyetangulia katika jambo hili, walichukua mapande mazima ya aluminiamu ya daraja la ndege na kuyachonga kwa mashine: mikono ya suspensheni, vishikio vya vioo, pedali, hata vifuniko vya taa. Hakuna kumimina kwenye kalibu wala kukunja bati. Unaanza na pande zito, mashine inakula kila kisichotakiwa, kinachobaki kinang'aa na kina kingo kali. Ni njia ghali, kwa sababu chuma kingi kinaishia sakafuni kama mabaki. Lakini kwa mkereza aliyefundishwa Idaho, hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya mama.

Kutoka hapo kuja kwenye gurudumu ilikuwa hatua moja. Gari la Boyd lilikuwa la mtu mwenye fedha nyingi na subira ya miaka. Gurudumu la Boyd lingeweza kununuliwa na dereva wa lori aliyeweka akiba. Sehemu ya katikati ilichongwa kutoka pande la aluminiamu kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, kisha ikaunganishwa na rimu. Kwa kubadilisha programu tu, mchoro mpya unatoka, na upana au kina kinakuwa vile mteja anavyotaka. Nadhani huo ndio uvumbuzi wake mkubwa wa kibiashara. Kabla yake hotirodi ilijulikana kwa jina la mwenye fedha: gari la Luce, gari la Musselman. Ukiweka magurudumu manne yenye jina la fundi chini ya gari lolote, jina la fundi ndilo linalozunguka mjini.

Miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990 ilikuwa kilele. Mwaka 1989 karakana ilimtolea Billy Gibbons, mpiga gitaa wa ZZ Top, gari la CadZZilla, lililojengwa kutoka Cadillac ya mwaka 1948 kwa mchoro wa Larry Erickson: bodi ndefu ya zambarau iliyokolea kukaribia weusi, mgongo unaoteremka bila kukatika mpaka nyuma. Kuna wanaosema ndilo gari bora la aina yake katika karne yote. Likafuata Aluma Coupe kwa ajili ya Mitsubishi, bodi yake imepigwa kwa mkono kwenye aluminiamu na Marcel DeLey. Na mwaka 1997 Chrysler walianza kuuza Plymouth Prowler, hotirodi ya kiwandani kabisa, yenye magurudumu ya mbele yaliyo nje ya bodi, wakaiendeleza hadi 2002. Ufundi uliozaliwa kwa kuyasahihisha makosa ya viwanda ulikuwa umerudi kiwandani kama mwalimu.

Katikati ya sherehe hizo, biashara ya magurudumu iligeuzwa kuwa kampuni ya hisa, Boyds Wheels, ikaingia sokoni mwaka 1995. Mwaka 1998 ilikuwa imefilisika, na karakana ya magari ikazama nayo.

Nimesikia watu wakiliongelea anguko hilo kwa kebehi, kwamba fundi hakujua hesabu. Silikubali neno hilo. Mwenye hisa anataka kila robo ya mwaka iizidi iliyopita. Anataka mashine nyingi zaidi, maghala, wanunuzi wakubwa wa jumla, na mteja mmoja mkubwa asipolipa, shimo linafika mpaka chini. Gari la Luce halikujengwa kwa kalenda ya namna hiyo. Fundi aliyejifunza kukitupa kipande kwa sababu ya unywele mmoja aliingia kwenye nyumba ambamo kipande kinauzwa kwanza. Sijui ni nani angeweza kuishi katika nyumba zote mbili kwa muda mrefu, na ninamheshimu kwa kuwa, baada ya kufukuzwa kwenye ile ya pili, alirudi kwenye ya kwanza akiwa na zaidi ya miaka 50, akaanza tena.

Alianzia La Habra, mwisho wa barabara yetu. Karakana mpya ilikuwa na dirisha la watalii na duka la fulana, na kuanzia mwaka 2004 kamera za kipindi cha American Hot Rod. Tulifika mchana, jua likiwa limeshaanza kuelekea baharini. Kila kitu kimebadilisha wamiliki. Hapa nina neno na televisheni. Kipindi kilihitaji tarehe ya mwisho na ugomvi, kwa hiyo kila gari lilijengwa kwa kupigana na saa, na Boyd tuliyemwona ni mtu wa kufoka. Huenda alifoka kweli; waliofanya naye kazi hawamwiti mpole. Lakini saa zile ndefu ambazo mtu anasugua bati kwa karatasi ya msasa yenye maji, anapitisha kiganja, anasugua tena, hazina ugomvi ndani yake, hivyo zilikatwa. Mamilioni ya watu walijifunza kwamba hotirodi hujengwa kwa hasira. Nilisikitika nilipokuwa nikitazama, na nilisikitika zaidi nikiwa nimesimama pale.

Alifariki tarehe 27 Februari 2008, akiwa na miaka 63, baada ya kuugua kisukari kwa muda mrefu. Siku chache baadaye Buttera naye akafariki. Karakana haikuendelea bila mwenyewe.

Tuligeuza gari, tukaishuka Beach Boulevard yote mpaka Huntington Beach, ambako mtu aliyewahi kuwa rais wa Hot Rods by Boyd alikuja kuweka kibao chake. Chip Foose alizaliwa Santa Barbara mwaka 1963, mtoto wa fundi, akakulia miguuni mwa baba yake karakanani, akahitimu chuo cha usanifu cha Art Center kule Pasadena. Aliingia kwa Coddington, akapanda mpaka juu, akaondoka mambo yalipoharibika, na wawili hao hawakuwa marafiki tena. Foose ameshinda tuzo ya Ridler ya Detroit mara nne: 2002, 2003, 2005 na 2015. Naye alipata kipindi cha televisheni mwaka ule ule wa 2004, Overhaulin', ambamo gari la mtu wa kawaida linachukuliwa kwa siri na kurudishwa likiwa jipya. Jesse James, aliyekuja kujulikana kwa pikipiki zake za West Coast Choppers, alipita pia katika karakana ya Boyd. Ukiwapanga watu walioshika vyuma pale Stanton, unapata nusu ya majina yaliyotawala kazi hii kwa miaka 20. Kampuni ilifilisika, shule haikufilisika. Hilo halikuwemo katika hesabu za mfilisi, kwa sababu halina bei.

Jumamosi shemeji aliniacha Pomona, kwenye viwanja vya Fairplex. Maonyesho yale yaliyoanzia Oakland, ambayo sasa yanaitwa Grand National Roadster Show, yamekuwa yakifanyika hapa tangu 2004, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Asubuhi ilikuwa ya baridi, theluji inaonekana juu ya Mlima San Antonio, na watu wameshikilia vikombe vya kahawa kwa mikono miwili. Ndani ya kumbi, magari yamelazwa juu ya zulia, vioo vimewekwa chini yake ili uone tumbo. Kombe la tuzo kuu limesimama kando, refu kuliko mtu yeyote aliyekuwa ukumbini, vibao vya washindi vimepangwa kulizunguka. Nilizunguka mpaka nikaliona jina la Musselman, 1982, nikapiga picha.

Nilipoinama kuangalia suspensheni ya Ford ya mwaka 1932, mzee mmoja mwenye viganja vipana alichuchumaa karibu yangu. Nilimwamkia, nikamweleza nimetoka Tanzania, na kwamba nafuata nyayo za Boyd. Alikuwa mkereza. Alikuwa amechonga magurudumu kwa ajili ya maduka kadhaa ya Orange County, likiwemo la Boyd kwa muda. Aliniuliza kama nimegundua kwamba bodi ya gari tunalolitazama ni mpya kabisa, haijawahi kupita kiwanda cha Ford. Sikuwa nimegundua. Kuna watu Ohio, Brookville, wanaogonga upya bodi za chuma za Ford za zamani, akanieleza, maana za asili zimekwisha au zimekuwa na bei ya nyumba. California hutoa nafasi 500 tu kwa mwaka za kusajili magari yaliyojengwa hivyo na kuyaruhusu yapimwe moshi kwa mwaka ambao umbo lake linafanana nao. Kila Januari watu hupigania namba hizo.

"Basi hili ni la 1932 au la juzi?" nikauliza.

Alifikiri. "Chuma ni cha juzi. Kazi ni ya zamani."

Akanionyesha nafasi kati ya mlango na bodi. Akaniambia niifuate kwa macho kutoka juu, nishuke, nipite chini, nipande upande wa pili. Upana ule ule kila mahali. Fundi huchomelea uzi mwembamba wa chuma kwenye ukingo wa mlango, akausaga, akapima, akachomelea tena, siku nyingi kwa mlango mmoja. Nilimwuliza nani aliyefanya. Akasogea kwenye kadi iliyosimamishwa mbele ya gari: juu, kwa herufi kubwa, jina la mwenye gari, chini yake karakana, chini zaidi, kwa herufi ndogo, orodha ndefu ya watu wa chesisi, bodi, viti, waya, rangi. Alishuka na kidole mpaka kwenye jina la mtu wa bodi.

"Huyu. Zamani kadi ziliishia hapa juu."

Nilimwuliza kama angekubali kufanya kazi tena katika kampuni ya hisa. Akacheka kwa sauti, watu wawili wakageuka. Sasa ana banda dogo na mashine mbili, alisema, anachonga seti chache za magurudumu kwa mwaka kwa watu anaowajua, na foleni yake imefika mwaka kesho. Kisha kijana mmoja akamjia na karatasi iliyokunjwa, vipimo vya ekseli ya nyuma ya pikapu ya baba yake. Mzee aliivaa miwani, akasoma, akamwambia kipimo cha pili si sahihi, arudi nyumbani akapime tena, gari likiwa limekaa chini na uzito wake wote, siyo likiwa juu ya jeki.